Sahani Kumi na Mbili za Mama Khadidja

Ukivunja sahani huko mtaani Buyenzi, usihangaike kutafuta pa kutupa vipande. Watu watakuelekeza kwa Mama Vunja. Huyo ni Adija, mke wa Ilyasi fundi wa magari, na jina hilo alibandikwa na mama mkwe wake mwenyewe, Mama Khadidja, mwanamke ambaye ulimi wake haujawahi kuchukua likizo.

Kisa ni cha miaka tisa iliyopita. Adija alikuwa bi harusi wa miezi sita, bado anainamisha macho akisalimiwa. Siku ya Idi, marehemu Mzee Twalibu, baba mkwe wake, akaulizia sahani zake kumi na mbili za kaure, zenye maua ya buluu, alizozibeba mwenyewe kutoka Kigoma zimefungwa ndani ya blanketi. Mama Khadidja akashusha pumzi ndefu, akamnyooshea bi harusi kidole.

"Muulize mukazamwana wako. Alizivunja zote. Mi nikatupa vipande ili usikasirike."

Zote! Kumi na mbili! Hata ngedere akiingia jikoni huacha moja. Adija hakuwa amezigusa hata kwa kitambaa, lakini mke mgeni atamwambia nani kwamba mama mkwe ni mwongo? Siku hiyo akapakuliwa pilau kwenye sahani ya plastiki ya kijani, mbele ya wageni wote. Tangu hapo kila Idi, kila maulidi, wenzake wanakula kwenye kaure nyingine, yeye analetewa plastiki yake. Wageni hucheka. Adija naye hucheka, ila pilau ile haikuwahi kumshuka vizuri.

Majirani wakaugeuza mchezo. Mtu akivunja kikombe, huyo mbiombio kwa Adija: "Mama Vunja, kazi yako hii!" Haya, akapokea vipande. Vilipojaa makarai mawili akaenda kwa mafundi wa ujenzi, akawauliza maswali mpaka wakamkimbia, akarudi anajua kufunga nondo kwa waya, kuchanganya saruji na mchanga wa mtoni na kumwaga kwenye fremu ya mbao. Akaanza na kigoda kimoja, akakipachika vipande vya vikombe vya majirani. Kikanunuliwa kabla hakijakauka vizuri.

Leo uani kwake huna pa kukanyaga. Kuna mabenchi, kuna vyungu vya maua, na kuna kiboko wa saruji aliyevalishwa vigae vya bafu. Kiboko huyo hana macho, maana Mama Khadidja alisema kiumbe chenye macho hakitalala uani kwa mwanawe. Mteja aliyemwagiza alimkataa. Alisema wale wa kweli wanaopanda kutoka ziwani kula maua yake wanamtosha.

Basi mwezi wa nne akaja Madamu Carmen wa Kinanira, mtaa wa matajiri, na dereva nyuma yake amebeba gunia.

"Kabati imeanguka na kila kitu ndani," akasema karibu kulia. "Vyombo hivi nilivipenda sana. Nitengenezee meza ya bustani, nivione kila siku."

Alipoondoka, Adija akamwaga gunia juu ya turubai. Maua ya buluu. Akaokota kipande, akakigeuza. Chini yake palikuwa na nukta tatu nyekundu za rangi ya kucha.

Sasa ujue kwamba vyombo vya Buyenzi havina kwao. Leo viko harusini, kesho viko matangani, kesho kutwa viko kwa jirani wa jirani. Ndiyo maana kila mama huweka alama yake chini ya sahani. Nukta tatu nyekundu zilikuwa za mtu mmoja tu, Mama Khadidja.

Adija akakaa juu ya mgongo wa kiboko. "Kumbe mwizi ni wewe, madamu!" akasema peke yake. Wazo la kwanza lilikuwa kukimbilia kwa mama mkwe na vipande mkononi. Akajizuia. Mama Vunja akionekana na vipande vya sahani zile, watu watasema nini? Watasema ndivyo alivyovificha miaka yote tisa. Ilibidi mwizi mwenyewe awepo, na alama iwepo, na Mama Khadidja awepo. Adija akaanza kutabasamu, na tabasamu lake lile Ilyasi huliogopa.

Meza akaitengeneza kwa siku sita. Maua ya buluu aliyapanga pembeni kuzunguka duara lote. Katikati alipachika vipande vilivyogeuzwa, chini juu, kila chenye nukta tatu kikitazama mbinguni. Akaziba nafasi kwa saruji laini, akapangusa kwa sponji. Nukta ziling'aa ungedhani ndiyo mtindo mpya wa mjini.

Siku ya kuichukua alimwalika Madamu Carmen saa nne. Mama Khadidja naye, saa nne hiyohiyo.

"Mama, njoo utazame kazi yangu kabla haijaondoka," alimwambia kwa adabu zote. "Bila macho yako mi siwezi kuitoa."

Bibi huyo, amejitanda kanga, akaja anachechemea huku tayari ana kasoro tatu mdomoni. Akainama juu ya meza. Kasoro zikapotea. Akaweka kidole juu ya nukta moja, halafu nyingine. Wakati huohuo Madamu Carmen akaingia. Adija akavuta pumzi. Miaka tisa alikuwa akiingoja pumzi hiyo.

"Mama Khadidja!" Carmen akapiga kelele za furaha. "Jamani, ni wewe? Umeona sahani zako? Uliponiazima siku tulipoondoa matanga ya baba yangu, nilikungoja uje kuzichukua. Nikangoja, nikangoja, mwisho nikasema, basi, amenizawadia!"

Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo. Adija alimtegea mwizi, akamnasa mama mkwe. Alimtazama, na mara hii hakuinamisha macho.

Carmen alipoondoka na meza yake, Mama Khadidja alibaki ameketi juu ya kiboko, mdogo kuliko kawaida.

"Mzee alikataza sahani zisitoke," akasema. "Na huyu alikuwa mteja wangu wa vitenge. Niliogopa kumudai, ataacha kununua. Mzee akauliza... we ulikuwa umesimama pale mulangoni."

"Nilikuwa nimesimama mulangoni," Adija akarudia. "Basi tu?"

"Basi tu."

Adija alikasirika, msinidanganye kwamba hakukasirika. Aliponda vigae jioni nzima mpaka Ilyasi akaenda kula kwa jirani. Lakini mbele za watu hakusema neno. Akangoja Idi.

Idi ikafika, nyumba ikajaa. Pilau ikapakuliwa. Adija akaletewa sahani ya kaure, nyeupe, mpya kabisa, na chini yake nukta tatu nyekundu. Wageni wakaacha kutafuna. Kisha wakamwona Mama Khadidja ameketi kwenye mkeka na sahani ya plastiki ya kijani mapajani.

"Mama, umechukua sahani ya mukazamwana!" mmoja akapiga kelele.

"Apana," akajibu bila kuinua kichwa. "Hii ni yangu. Sahani za Mzee niliziazimisha mi mwenyewe, huyu mutoto hakuvunja hata moja. Nilimubebesha kosa langu miaka tisa. Sasa kuleni, pilau inapoa."

Adija akaanza kucheka. Alicheka kwa tumbo, kwa mabega, kwa machozi, alicheka miaka yote tisa kwa mpigo, na sahani mpya ikamponyoka, ikapiga sakafu, pa! Vipande vikafika mpaka mlangoni.

Mama Khadidja akaitazama pilau sakafuni, akamtazama mkaza mwana wake, macho yamemjaa machozi na uchokozi uleule wa zamani.

"Hiyo sasa," akasema, "umeivunja we."

"Hiyo ni mimi, Mama," Adija akasema, akapiga magoti na kuanza kuokota vipande.