Ekari ya Dada na Kadi Niliyoikataa

Niliamini, tena kwa moyo wangu wote, kwamba mtu mwenye ulemavu akichukua kadi ya serikali ya kumtambulisha, serikali nayo inachukua shamba lake. Habari hiyo niliipata kwenye kinu cha posho, hapa kwetu nje ya Kitale, nikingoja zamu yangu ya kusagiwa. Mzee aliyekuwa mbele yangu alisema kuna familia kule Cherangany iliamka asubuhi ikakuta trekta ya serikali inalima ekari ya binti yao asiyesikia, kwa sababu binti alikuwa amepewa kadi. Ati ukishaichukua, serikali ndiyo mzazi wako, na mtoto hana shamba mbele ya mzazi.

Sikuuliza jina la hiyo familia. Nilifunga unga wangu kwenye baiskeli, na kabla sijafika nyumbani trekta zilikuwa nne, zikilindwa na askari.

Dada yangu, anayenifuata kuzaliwa, hajawahi kutembea. Alikuwa akienda kwa mikono, amevaa patipati, zile ndara za mpira, viganjani na vipande vya tairi vimefungwa magotini, na msimu wa mvua alikuwa akinipita mimi na baiskeli yangu kwenye matope. Hapo nimeongeza chumvi, lakini kidogo tu. Baba alitugawia shamba kabla hajafariki. Dada alipata ekari moja, ile ya karibu na mto, yenye udongo mzuri kuliko zetu zote. Mimi ndiye niliyekuwa nikiipanda mahindi.

Alipofikisha miaka ishirini, mama mmoja alikuja kwetu kutoka Bungoma. Alikuwa wa kikundi cha wazazi wenye watoto walemavu. Mtoto wake mwenyewe hakuweza kuketi bila kushikwa. Alitueleza polepole: daktari ampime dada hospitalini, ripoti ipelekwe ofisi ya serikali, kadi itoke. Akiwa na kadi, kulikuwa na chuo Bungoma kilichochukua vijana kama yeye kuwafundisha ushonaji, wakilala huko huko, na kiti cha magurudumu angepimiwa kinachomtosha.

Wakati huo dada alikuwa akirudisha vifungo na pindo za nguo za kijiji kizima, kwa sindano ya mkono. Aliuliza swali moja tu.

"Cherehani za huko ni za mguu?"

"Za mkono," yule mama akasema. "Zimewekwa hivyo kwa ajili yenu."

Dada aliitazama mikono yake, kisha akanitazama mimi.

Mimi ndiye niliyeachiwa fomu niijaze. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne miezi michache kabla, masomo ya jioni, sisi watu wazima tumekunjwa kwenye madawati ya darasa la kwanza mpaka magoti yanagusa masikio. Cheti kilikuwa ukutani, juu kuliko picha ya harusi ya wazazi. Kwetu hakuna barua iliyofunguliwa bila mimi, hata ya kanisa.

Mgeni alipoondoka niliwasimulia mama yetu na dada habari za trekta. Zilikuwa zimefika sita. Mama alishika kichwa.

"Kaka, hiyo umeisoma wapi?" dada akauliza.

"Mambo ya ardhi hayaandikwi," nilimjibu, kwa sauti ya mtu mwenye cheti.

"Si ungeenda kuuliza ofisini?"

"Nikiuliza, si watajua tuko na shamba?"

Fomu niliikunja nikaitia chini ya godoro. Yule mama wa Bungoma alirudi baada ya mwezi. Nilimpokea mlangoni nikamwambia dada amesafiri Webuye kwa jamaa. Dada alikuwa jikoni, hatua kumi kutoka pale, na alisikia kila neno. Hakutoka. Nilidhani amekubaliana nami. Mgeni aliaga vizuri, akaenda zake, na hakurudi tena.

Ikapita miaka kumi na minne. Ile ekari niliivuna kila mwaka. Mabega ya dada yalianza kumuuma, akawa anakwenda kidogo, anakaa, anakwenda tena kidogo. Nimejiuliza mara nyingi kama nilikuwa namlinda yeye au mahindi. Jibu ninalo, na halinipendezi.

Mwaka juzi tulienda Bungoma kumwona shangazi yetu. Dada akaomba tupitie kanisa ambamo kile kikundi cha wazazi hukutana. Hakuniambia alijuaje siku yao. Nilimbeba kutoka kwenye bodaboda hadi ndani. Akina mama walikuwa mikekani wakiwanyoosha watoto miguu, na yule mgeni wetu alikuwa katikati yao, sasa ana mvi. Alimtambua dada mara moja.

"Ulisharudi kutoka Webuye?"

"Sikuwa nimeenda," dada akasema.

Hapo ikabidi nijitetee. Nilitoa trekta zangu zote sita, moja baada ya nyingine, na sababu ya kila moja. Mama mmoja alicheka mpaka mtoto aliyemshika akaanza kucheka naye.

"Ndugu, hizo trekta si uzilete kwangu? Nina ekari mbili na jembe limevunjika."

Yule mama wa mvi hakucheka. Aliniuliza ni nani aliyeniambia maneno hayo. Nikasema watu wa kwenye kinu. Akauliza kama niliwahi kufika ofisini. Nikasema hapana. Basi akageuka, akamweleza dada, si mimi.

"Dadangu, kadi haigusi shamba la mtu. Kijana wangu anayo tangu utotoni, na jina lake liko kwenye hati ya shamba la babu yake. Kupimwa hospitalini bado unaweza, hata wiki ijayo, na kiti utapimiwa. Chuo ndicho kilikuwa cha vijana. Umri huo umeupita."