Kimya cha Grinhausi ya Saba

Mimi ni mtu wa hasira, na heri niseme mapema usije ukanidhania mwalimu wa subira. Mwaka niliojifunza kutulia ndio mwaka niliomzaba kofi mwanamke mwenzangu kwenye banda la kupangia maua, kwa sababu alisukuma ndoo yangu ya waridi kwa mguu. Kofi moja tu, lakini lilisikika mpaka kwenye chumba cha baridi. Supavaiza alinipa barua ya onyo pamoja na sharti. Kila Jumatano, saa ya chakula, niende zahanati ya shamba kwa muuguzi aliyekuwa akiwafundisha wafanyakazi kutuliza moyo. Nikikosa hata mara moja, nifunge virago.

Nilienda nimenuna. Tulikuwa kama kumi, tumeketi kwenye mabenchi chini ya kivuli cha mabati, tumefumba macho. Muuguzi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya polepole, alituambia tuvute pumzi mpaka tumboni, tuishike kidogo, kisha tuiachilie. Niliona huo ni mchezo wa watu walioshiba. Mama aliyekaa kando yangu alisinzia na kuanza kukoroma, nami nikamwonea wivu. Lakini wiki ya tatu kitu fulani kililegea kifuani mwangu, kitu ambacho hata sikujua kwamba kilikuwa kimekaza. Nikalia bila sababu, nikajipangusa kwa aproni, nikarudi kazini. Siku hiyo sikumfokea mtu hadi jioni. Nilifurahi. Nasema nilifurahi kwa sababu sina neno jingine.

"Mkifika pale pazuri," muuguzi alituambia, "mtaskia mwili imekuwa nyepesi. Msiogope. Kaeni hapo tu."

Basi nikataka kufika pale pazuri kila siku, si Jumatano peke yake. Tatizo likawa mahali. Huku Kamere, mtaa wetu wa wafanyakazi kando ya ziwa, chumba chako na cha jirani vimetengwa na bati moja. Ukikohoa, unaambiwa pole kutoka upande wa pili. Kuna redio, kuna mhubiri mwenye kipaza sauti, kuna pikipiki zinazotoa samaki ufuoni. Nilijaribu kukaa kitandani nimefumba macho, jirani akaingia kuomba chumvi, akaniona, akauliza ni nani amefariki.

Kimya nilikipata shambani, ndani ya grinhausi ya saba. Grinhausi ni zile nyumba ndefu za plastiki zinazofunika vitanda vya waridi. Wapuliziaji wakishanyunyiza dawa ya wadudu, huchomeka bendera nyekundu mlangoni, na mtu haruhusiwi kuingia mpaka saa zilizowekwa zipite na bendera iondolewe. Hiyo ndiyo sheria iliyobandikwa ukutani. Ile tuliyoishi nayo ilikuwa nyingine. Lori likiwa linasubiri maua, supavaiza alichungulia ndani, akagusa jani moja, akasema, "Ingieni, imekauka," nasi tukaingia na makasi yetu. Tulifanya hivyo kwa miaka na hakuna aliyeanguka. Kwa hiyo machoni petu ile bendera ilikuwa na maana moja tu, kwamba humo ndani hakuna mtu.

Nikawa naingia saa ya chakula, napita bendera, naketi juu ya kreti mwisho wa kitanda kimoja cha waridi. Joto, maji yakidondoka kwenye mipira ya kumwagilia, basi. Nilivuta pumzi nilivyofundishwa, ndefu, mpaka tumboni. Haikuchukua muda kichwa kikawa chepesi, midomo ikafa ganzi kidogo, na mawazo yote yakaniondokea. Nikasema moyoni, ndipo hapa. Kule zahanati ilinichukua wiki tatu kuonja utulivu, na huku nilikuwa naupata kwa dakika kumi.

Kitu kizuri humpi adui, unampa wako. Wangu alikuwa mdogo wangu, ambaye nilimlea mwenyewe. Mama yetu alifariki mdogo wangu akiwa darasa la pili, nikamtoa kwetu magharibi, nikaja naye hapa, nikamsomesha mpaka alipokataa shule, nikamtafutia kazi ya kukata maua katika shamba hilihili. Aliolewa na fundi wa ujenzi ambaye alifanya kazi Nakuru na kuja nyumbani mwisho wa mwezi. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka. Hii ya tatu ilikuwa na miezi minne, na hofu ilikuwa inammaliza. Hakulala. Alikuwa anaweza kuacha kijiko hewani, mkono tumboni, anasikiliza. Nilimwonea huruma mpaka nikakasirika, kwa kuwa huruma yangu huja hivyo.

Siku ya kwanza nilipompeleka alisimama mlangoni.

"Dada, na hii flag?"

"Hiyo ni ya asubuhi. Imekauka."

"Lakini kunanuka dawa."

"Umekuja kutulia ama umekuja kupiga story? Kaa chini, vuta pumzi."

Akakaa, akavuta. Nilimshika mkono na kumwongoza kwa sauti ya yule muuguzi, polepole, mpaka mabega yake yakashuka. Tulienda pale karibu kila siku kwa muda wa wiki tatu. Tulipokuwa tunatoka, alijiegemeza kwangu akicheka. "Leo nimeskia poa, dada. Kichwa yote iko empty." Nilijivuna. Niliwaambia wenzangu bandani kwamba mdogo wangu sasa analala.

Mimba ilitoka Jumanne asubuhi, akiwa kazini, kati ya safu za waridi. Alikuwa mtoto wa kiume. Daktari wa hospitali alisema mambo haya hutokea, hasa kwa mtu ambaye yamewahi kumtokea. Sikumuuliza kitu, kwa sababu sikuwa na swali. Nilikaa kando ya kitanda nikamwambia mdogo wangu avute pumzi, naye akavuta huku machozi yanamwingia masikioni.

Miezi miwili baadaye, Jumatano, muuguzi hakufundisha kutulia. Alitumwa kutuonya kuhusu dawa. Akasema mtu akiingia kabla ya wakati, ataona dalili, na akazihesabu kwa vidole. Kichwa kuwa chepesi. Midomo kufa ganzi. Mwili kulegea. Mawazo kupotea. Akasema dawa nyingine ni mbaya zaidi kwa mwenye mimba. Wenzangu walikuwa wanatafuna githeri. Mimi nilikuwa nasikia mtu akisimulia furaha yangu, kitu kimoja baada ya kingine, na nilitamani kumpiga kofi anyamaze.

Sikuwa na ushahidi wowote, na mpaka leo sina. Mimba mbili za kwanza zilitoka kabla sijajua kufumba macho. Ningeweza kulinyamazia jambo hilo, na nilinyamaza kwa mwezi mzima. Lakini Jumapili moja mchana, tukifua nguo nje, mdogo wangu alisema, "Dada, nirudishe kule ndani tukae. Ni hapo tu mahali moyo yangu ilitulia."

Nikamwambia. Nilimwambia yote, mikono ikiwa kwenye povu, bila kumtazama. Nilingoja anitukane. Ningeshukuru kutukanwa.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwani flag sikuiona? Tulifundishwa wote siku ya kuandikwa kazi."

"Sasa ulikaa kwa nini?"

Alilikamua shati la mumewe mpaka tone la mwisho, akalianika, ndipo akajibu. "Wewe ndio ulisema nikae. Tangu niwe mdogo nimewahi kukukatalia nini?"

Ni kweli. Sikumlea akatae. Nilimlea kwa sauti kubwa na kwa fimbo ya mpera, nikaiita hiyo nidhamu, na watu wa kwetu wakanisifu.

Mumewe alimhamishia Lanet, karibu na Nakuru, na sasa anauza mboga. Kila Jumapili mchana hunipigia simu, anaiweka mezani, ananiambia tufumbe macho. Yeye bado huketi, tena hufika pale pazuri, na naisikia pumzi yake ikirefuka na kutulia. Akimaliza huniuliza kama nami nimefika. Humwambia ndiyo. Sijafika tangu mwaka ule. Huwa nimekaa macho wazi, simu sikioni, namsikiliza akipumua.