Kichwa cha Tatu

Sijawahi kuwa mtu wa kutulia. Hata nilipoajiriwa kupima mawimbi ya ubongo ya wagonjwa wa kifafa, katika hospitali moja ya Eldoret, nilipima huku mguu ukicheza chini ya meza. Kila mgonjwa alipimwa mara tatu: kabla ya dawa, baada ya mwezi, na baada ya miezi mitatu. Nilimbandika nyaya kichwani kwa gundi nyeupe, mashine ikachora mistari kwenye karatasi ndefu. Kisha kompyuta, ambayo karani wetu aliifumia kitambaa cha kuifunika kama redio ya sebuleni, ikachora vichwa vitatu vya duara kama chapati, kimoja kwa kila kipimo. Penye weusi mwingi ndipo penye dhoruba ya kifafa.

Mgonjwa mmoja alikuwa mama wa makamo kutoka Ainabkoi, mkulima wa viazi. Kipimo cha pili alichelewa siku moja, nami nikamfokea mbele ya foleni nzima.

"Ukikosa siku yako tena, Mama, dawa zitakatwa!"

Aliinamisha kichwa nikambandika nyaya.

Kichwa chake cha tatu kilitoka cheupe pe. Daktari wetu alikipeleka dirishani kukitazama vizuri, akacheka peke yake chini ya picha ya Rais. Papo hapo akaandika barua kwa dispensari ya kule Ainabkoi: dawa za mama huyu zipunguzwe nusu. Ingepelekwa kesho yake.

Furaha ile ilinikera, sijui kwa nini. Nilikaa, nikasimama, nikakaa tena. Mwisho nikachukua karatasi zake zote tatu nikazitandaza sakafuni kwenye korido, watu wakizikanyaga na mimi nikiwagombeza. Sikutafuta dhoruba. Nilitafuta pale alipofumba macho akapumzika, maana kila ubongo ukipumzika una mwendo wake, kama kila mtu anavyotembea kwa namna yake. Karatasi mbili za kwanza zilikuwa na mwendo mmoja wa polepole. Ya tatu ilikwenda mbio. Dawa haimpi mtu ubongo wa mwingine. Kompyuta ilifuata namba ya kadi ya mgonjwa niliyoipa, haikuwa na kosa. Mimi mwenye macho nilikuwa na haraka, sikumtazama mtu usoni.

Nilimweleza daktari.

"Umechoka," akasema.

"Basi barua naipeleka mwenyewe, nimwone."

Ainabkoi nilielekezwa hadi shambani. Mwanamke aliyekuwa akichimba viazi alinitambua kwa mbali, akaacha jembe.

"Ni wewe ulikuja na kadi mara ya tatu?" nikamuuliza.

"Ni mimi, Daktari. Mwenye kadi ni dada yangu." Hakuwa na wasiwasi hata kidogo.

"Mbona hukusema?"

"Si ulisema akikosa dawa zinakatwa? Kadi ni ya boma. Hata ile ya kupeleka maziwa, mwenye ako free ndiye anaenda nayo."

Nilitaka kukasirika. Nilitafuta hasira yangu, ile isiyonipungukia kamwe, nikaikosa.

"Na yeye alikuwa wapi siku hiyo?"

Alinyoosha kidole kuelekea jikoni. Mgonjwa wangu alikuwa ameketi mlangoni, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa hadi kwenye kiwiko. Aliponiona alijaribu kuinuka.

"Pole sana, Daktari," akasema, kana kwamba aliyeumia ni mimi. "Hiyo siku nilianguka mara tatu, ya mwisho nikaangukia moto. Nilikuwa nataka kuja. Usinikatie dawa."

Barua ya kuzikata nusu ilikuwa mfukoni mwangu. Nilikaa chini kando yake, nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza, na sikuondoka mpaka jua lilipopinda.