Pembe Zilizomwita Mama Zawadi

Mimi hakuna kitu kilichoweza kunishangaza. Nilikuja mkimbizi kutoka Fizi na sufuria moja, shule niliachia darasa la tatu, leo nina butiki, duka la soda na sabuni, inayoshinda zote hapa kambini Rubondo. Kwa hiyo hii si hadithi ya kulaza watoto. Ilinipata mwenyewe, macho wazi, jua likichomoza.

Nilikuwa nawinda kwa siri. Ndiyo, najua imekatazwa. Majira ya madume ya swala kupigana, nilijificha kichakani na pembe mbili kavu, nikazigonganisha kwa nguvu, kisha nikazisugua. Dume akisikia wenzake wanagombana, anakuja mbio. Akili hiyo hakuna aliyenifundisha.

Asubuhi ile niligonga mara tatu. Majani yakatikisika. Nikaziacha pembe zimepandana miguuni, nikainua mkuki.

Akatokea Mama Zawadi, jirani yetu. Niamini: tulimzika miaka miwili nyuma. Kitenge kilekile, ndala mguu mmoja, mwingine mtupu.

"Batoto bangu, muache! Mutauana juu ya nini?"

Ndivyo alivyosema siku mimi na mdogo wangu Amani tulipopigana kwenye mpaka wa shamba. Aliingia katikati kutuachanisha. Niliyemsukuma ni mimi. Ndala iliruka, kichwa chake kikapiga jiwe, akafa palepale. Watu walipouliza, nilisema ni Amani. Mimi nilikuwa na butiki, yeye alikuwa na nini? Ikaitwa ajali, lakini hakuna aliyemsalimu Amani tena. Akahamia Mbarara kubeba magunia sokoni.

Mama akazishika pembe, akazitenganisha taratibu, kama mikono ya watoto. Akatazama huku na huku.

"Na ule mwingine, eko wapi?"

Nilijikojolea, mimi na ndevu zangu. Nilipoinua macho, hakuwepo, na umande kwenye majani haukuguswa.

Siku hiyohiyo nilikwenda Mbarara. Amani alinisikiliza bila kushusha gunia.

"Kaka, miye najuaga. Wende ukaseme mbele ya bantu."

Nikarudi, nikasema, majirani wote wakisikia. Zawadi, binti wa marehemu, alinitemea mate miguuni. Amani hajarudi. Na mpaka leo, chupa za soda zikigongana butikini, nasikia ndala moja inakuja.

Wewe unayesoma, kama kuna mtu amebeba kosa lako, usingoje marehemu aje kumuulizia. Mimi nilingoja miaka miwili, kumbe kilichotakiwa ni nauli tu, kwenda Mbarara na kurudi: shilingi elfu ishirini na mbili.