Machozi ya Mteremko

Nikipanda baiskeli siwezi kwenda polepole. Nimejaribu. Najiambia leo nitakwenda kama watu, lakini nikishaingia barabarani miguu inaanza kuwasha, na nikiona mgongo wa mtu mbele yangu ndiyo basi, lazima nimpite. Kutoka kwetu Kiogoro hadi mjini Kisii ni milima tupu, nami naipanda nimesimama juu ya pedali, kifua kinawaka, mdomo wazi. Si kwamba nachelewa kazini. Yule mama wa Kiislamu aliyeniajiri kuuza vitambaa hafungui duka mpaka amalize chai yake, na chai yake haina haraka. Naendesha mbio kwa sababu napenda, na kwa sababu hiyo ndiyo nafasi pekee katika siku yangu nzima ambayo hakuna mtu wa kunituma maji wala kuni.

Wenzangu wa barabara hiyo siwawezi kabisa. Wanaume wazima, miguu minene, wanaendesha kana kwamba wanampeleka ng'ombe mgonjwa kwa daktari. Mkubwa wao ni baba mdogo, yaani ndugu mdogo wa baba mkwe wangu, karani katika ofisi moja ya mjini. Baiskeli yake inang'aa, kitambaa cha kufutia vumbi kimefungwa chini ya kiti, suruali ameichomeka ndani ya soksi. Akiona mtu, anashuka. "Bwakire," anaamkia, halafu anauliza habari za nyumbani, za mahindi, za ng'ombe, na ng'ombe mwenyewe akiwa karibu naye anasalimiwa. Anapanda, anakanyaga mara chache, anashuka tena. Akifika kwenye mlima anaisukuma. Ofisini watu wamemngoja mpaka jua limewachoma, naye anafungua dirisha akiwaambia haraka haraka haina baraka. Eti huo ndio utu uzima.

Sasa sisi Wagusii tuna chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya kati ya mke na baba mkwe wake, pamoja na ndugu zake wote. Hamshikani mikono, hamtazamani usoni, huingii chumbani kwake. Mkikutana njiani, wewe mke ndiye unayepaswa kusimama kando, utazame chini mpaka apite. Haya, nimekubali. Lakini mtu anayekwenda mwendo wa baba mdogo utamsubiri apite mpaka lini? Nikimshukia kila siku nitafika dukani wakati wa kufunga. Kwa hiyo nilikuwa nainamisha kichwa vizuri kabisa, natazama chini, na nampita. Alisema nimemvua nguo mbele za watu.

Akaanza kupeleka maneno kwa mume wangu, ambaye yuko Nakuru kwenye kazi za ujenzi. Kwamba mke hakimbii barabarani hivyo. Kwamba watu wanauliza kama nyumbani kwetu kuna moto. Kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mimi kamba yangu imekatika. Mume wangu akanipigia simu kusema nisikilize wazee. Nilimjibu nitasikiliza. Baiskeli nilijinunulia mwenyewe, na wakiichukua nitabaki nikipanda pikipiki nyuma ya mtu mwingine, au nikitembea nyuma ya baba mdogo. Kwa hilo nilikuwa tayari kurudi Nyacheki kwa wazazi wangu nikachume majani chai mpaka nizeeke.

Msimu huo wa mvua baba mkwe wangu alishikwa na kifua. Alilala ndani siku nyingi, na mtaa mzima ukajua. Mimi nilikuwa napika uji wa wimbi, naufikisha mlangoni, mama mkwe anaupokea na kumpelekea. Nilikuwa namsikia tu akikohoa upande wa pili wa ukuta.

Basi asubuhi moja ya baridi na ukungu niliteremka ule mteremko mkali bila kugusa breki. Kila anayeendesha mbio anajua: upepo ukikupiga machoni, machozi yanatoka yenyewe mpaka masikioni. Pale chini kwenye njia panda kuna mama anayeuza ndizi. Akaniamkia. Ningemjibu kwa pumzi ipi? Nilikuwa nimeshapita. Kwetu hapa mtu hampiti mtu bila salamu ila kuna msiba. Yeye alichokiona ni mke wa nyumba yenye mgonjwa, anakimbia, hajibu salamu, mashavu yamelowa machozi. Akaziacha ndizi zake akatoa simu.

Nilikuwa napima kitambaa cha sare wakati mama mkwe aliponipigia.

"Umewaambia watu nini huko?"

"Sijasema neno, mama. Kuna nini?"

"Wamejaa hapa wanamlilia mzee. Mzee anakunywa uji."

Nilicheka mpaka tajiri wangu akaniuliza kama ni wazimu. Halafu hofu ikaniingia, kwa sababu wazo lilinijia kwamba labda alikuwa anakunywa uji wakati huo, na sasa je? Nikaomba ruhusa, nikarudi mbio zaidi kuliko nilivyokuja.

Nilichokikuta sijakisamehe mpaka leo. Wanawake wamejifunga leso viunoni, wameshakatisha kilio, lakini hakuna aliyeondoka. Wameona marehemu yuko hai na bado wameketi, kwa kuwa sufuria kubwa ilikuwa imeshabandikwa na chai imeshatiwa maziwa. Wengine walikuwa wanabishana nani aende kutafuta mkate. Na kule chini, kwenye shamba la mzee, baba mdogo na wanaume wawili walikuwa wanavuta kamba ya katani kutoka kwenye mpaka hadi mgombani. Alikuwa amefika kwa pikipiki. Mtu asiyejua kukimbia tangu azaliwe alikodi pikipiki siku hiyo, akapita mlango wa nduguye bila kuuliza maiti imelazwa wapi, akaenda kupima. Kumbe anaweza.

Mzee alikuwa ameketi nje, amejifunika blanketi. Nilisimama kwenye ua, mbali kama inavyotakiwa, nikamtazama kifua mpaka nilipoona blanketi linapanda na kushuka. Ndipo nikainamisha kichwa.

Jumamosi, ndiyo sabato yetu, tulikwenda kanisani sote kama watu wema. Jumapili wazee wakakaa kunihukumu. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa jikoni, kwa sababu mke hasemi kwenye baraza la baba wakwe zake, nikisikia kila neno. Baba mdogo alisema kwa sauti ile ya kupangusa vumbi. Kwamba mwendo wangu umeita mauti nyumbani. Kwamba baiskeli ifungiwe ghalani kwake mpaka mume wangu arudi Desemba. Kuhusu kamba ya katani hakusema kitu. Wengine wakaitikia, ndiyo, ndiyo, na mimi nikaanza kuhesabu nguo zangu kichwani, zipi nitabeba kwenda Nyacheki, zipi nitaacha.

Mzee akakohoa muda mrefu. Wakamngoja.

"Mimi nilipokufa mlikuja wote," akasema. "Wengine mlifikia jikoni. Wewe ndugu yangu ulifikia shambani. Aliyekuja kutazama kama napumua ni mmoja."

Nilisikia kiti kikisogezwa.

"Nikizidiwa, nani atanikimbilia dawa? Huyu anayesalimia mpaka ng'ombe za watu? Baiskeli ikae kwa mwenyewe."

Nilijifuta uso kwa leso na kurudi kwenye moto, maana kunde zilikuwa zinaungua. Sikujua kama amesema vile kwa kunipenda au kwa kumchukia nduguye, na sikujali. Nilimpenda yule mzee kuanzia saa hiyo kuliko watu wote wa boma lile.

Jumanne, kabla jua halijatoka, kikohozi kilibadilika. Kilikuwa kikavu, na kati ya kimoja na kingine palikuwa na kimya kirefu mno. Nilikuwa nimeshaitoa baiskeli nje wakati mama mkwe alipokuja mbio na chupa ya dawa iliyokwisha. Aliniwekea chupa mfukoni mwa koti.

"Mzee amesema nikwambie kitu," akasema.

"Nini, mama?"

"Usimsalimie mtu njiani."