Geti Lililozibwa

Mlinzi huyu aliingia kazini hospitali ikiwa bado zahanati ya vyumba viwili na geti moja la chuma, na watu wa mtaa wa nyuma wakamwita Babu Geti kabla hajaota mvi hata moja. Jiji lilipotanuka, zahanati nayo ikatanuka: ikaja wodi ya wazazi, ikaja maabara, mwisho ghorofa nne na lango kubwa upande wa barabara kuu. Geti la zamani wakaling'oa, pengo wakaliziba kwa matofali. Kuzunguka hadi lango jipya ni robo saa, kwa mtu mzima wa afya.

Babu Geti alipinga.

"Watu watazoea, mzee," mganga mkuu akamwambia.

Watazoea. Mtu mwenye uchungu atazoea saa ngapi? Tangu hapo alikaa roho juu. Kila mchana alimwachia mwenzake lango, akaenda kutega sikio kwenye yale matofali, na akikuta kimya ndipo alipopumua.

Mchana mmoja ukuta ukagongwa.

"Zungukeni mbele," akapaza sauti.

"Baba watoto, ni mimi." Ilikuwa sauti ya mkewe. "Niko na mkamwana wetu. Mtoto anatoka. Fungua."

Mkewe, aliyemsikiliza mumewe kila jioni akilalamika kwamba geti limezibwa. Hofu ilikuwa imemrudisha kwenye njia ambayo miguu yake iliijua.

Mkono wa mzee ukakimbilia kiunoni kutafuta ufunguo wa geti la zamani. Ulikuwepo.