Klachi Mpya ya Gari la Baba

Kwa muda mrefu mimi ndiye mtu pekee katika Isiolo nzima aliyeweza kuendesha gari la baba, na hiyo si sifa. Ilikuwa van kuukuu ya gia nne, na klachi yake ilikuwa haiachii. Ungekanyaga pedali hadi sakafuni, injini ingeendelea kung'ang'ania giaboksi kana kwamba hujagusa kitu. Basi nikajifunza kuishi nayo. Nazima injini, naweka gia ya kwanza, nawasha, na gari linaruka mbele likiwa tayari ndani ya gia. Baada ya hapo natumia sikio. Injini ikifika mlio fulani, naachia mafuta kidogo, nasukuma gia, inaingia. Nikikosea, vyuma vinasaga na watu wa kando ya barabara wanageuka kunitazama.

Baba aliliendesha tangu ujana wake, mpaka kiharusi kilipomshika mguu wa kushoto. Mguu wa klachi. Akanikabidhi ufunguo, mimi niliyekuwa nimemaliza chuo na kusomea kazi ya maabara, akasema ni kwa muda tu. Kila alfajiri nikawa naenda Ngaremara kuchukua maziwa ya ngamia kwa akina mama wafugaji, namletea mama mjini, naye anayapakia kwenye basi la Nairobi kabla jua halijayaharibu. Maziwa hayana likizo. Niwe na homa, iwe Idi, awe rafiki yangu anaoa, mimi niko barabarani nazima na kuwasha, nazima na kuwasha, akina mama wakinicheka.

"Dereva, leo imekataa tena?"

Halafu nikapata kazi Nakuru, kazi yenyewe niliyoisomea. Nilimwambia mdogo wangu wa kike peke yake. Yeye ana leseni, anapenda barabara kuliko mimi, na alikuwa tayari kushika usukani siku hiyo hiyo. Tukaenda kujaribu kwenye uwanja ulio karibu na soko la mifugo. Akawasha, gari likaruka, likazima. Akawasha tena, likaondoka, na alipotaka kusimama akakanyaga klachi kama alivyofundishwa, gari likaendelea na safari yake hadi ndani ya zizi la mbuzi wa watu. Mwenye mbuzi alitutukana kwa Kiborana, akachoka, akahamia Kiswahili. Nilikuwa na hasira za kulia, wala si kwa mdogo wangu. Niliona wazi kwamba nitazeekea kwenye kiti kile.

Fundi wetu wa Bulla Pesa alilala chini ya gari, akaomba nikanyage, akaomba tena, kisha akatoka akijifuta mikono.

"Boss, hii gari haina klachi. Klachi ni wewe."

Alipoiteremsha giaboksi tukaona vile vidole vya chuma vinavyoiachisha klachi vimevunjika, na gia zenyewe zimelika kwa kulazimishwa. Alikuwa na giaboksi ya gia tano, ya gari la ukoo huo huo lililopinduka huko mbele. Ingekaa kwenye injini yetu, ila ilikuwa ndefu zaidi. Ilibidi propela, ule mhimili unaozungusha magurudumu ya nyuma, ikatwe iwe fupi na kishikio cha nyuma kisogezwe. Mkono wa gia nao ulitokea nyuma ya tundu lake la zamani, akakata sakafu kwa grainda na kuziba tundu lile kwa kipande cha debe la mafuta ya kupikia. Baba aliuliza gia ya tano ni ya nini. Nikamwambia ni ya kupunguza mafuta kwenye lami. Sikumwambia ni ya kuniondoa.

Kazi ilipoisha, mdogo wangu aliliendesha kutoka kwa fundi mpaka nyumbani bila gari kuruka hata kidogo. Alishuka akicheka peke yake. Tukakubaliana kwamba dua ikisomwa tu, nitamwambia baba habari za Nakuru.

Kwetu gari likitiwa chuma kikubwa haliendi safari kabla ya kuombewa. Mama alikaanga buni za kahawa kwa samli, za kutafuna, maziwa yakamwagwa kidogo kwenye matairi ya mbele, majirani wakaja, tukasimama viganja juu. Baba aliomba akiwa amekaa kwenye kiti. Na sisi amin yetu haisubiri. Mwombaji akivuta pumzi tu, watu wote wameshaitikia. Ndivyo tulivyolelewa tangu utotoni.

"Ya Rabbi, barabara iwe salama."

Amin.

"Mzigo usiharibike."

Amin.

"Na huyu kijana yangu, mguu wake ukuwe mguu wangu, asitengane na hii gari mpaka mwisho wa umri wake."

"Amin," tukasema, na sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko zote.

Nilisikia nilichokubali baada ya kukikubali. Baba alijipangusa uso kwa viganja na machozi yalikuwemo. Alidhani amenipa kitu kikubwa kuliko vyote alivyonavyo, na kwa kweli alikuwa amenipa. Mdogo wangu alinisogelea.

"Walalo, ndugu yangu, si ungenyamaza tu?"

"Imetoka yenyewe."

Maneno niliyomwandalia baba yalikuwa bado mdomoni. Lakini kuyasema pale ilikuwa ni kumrudishia dua yake usoni, majirani wakiwa bado wanatafuna buni. Nilichukia, nikamwonea huruma, nikajichukia na mimi, yote kwa pamoja. Baba akanyoosha mkono wenye ufunguo, akataka tumpeleke Ngaremara akasikie mlio wa gia mpya.

Nikamsaidia kupanda, akakaa kando yangu. Klachi ilikuwa laini ajabu. Nilipanda gia moja baada ya nyingine kwenye lami, na kila nilipobadilisha, niliuona mguu wake wa kushoto ukijitahidi kukanyaga sakafu pamoja na wangu. Tulipofika ya tano akafumba macho, akacheka.

Jioni niliwapigia simu watu wa Nakuru, nikawaambia kazi ile wampe mtu mwingine.